Kunyamaza si Kukubali

Kampuni nyingi za programu huchukulia skrini vile fundi huchukulia rangi ya nyumba: kazi ya mwisho, ya kupendeza macho, kuta zikishasimama. Ukiwauliza kuhusu usanifu, wanakuonyesha rangi na fonti. Mimi naona usanifu uko kwingine: ni kuamua nani atalipa kidole kikiteleza.

Soma menyu ya M-Pesa vile unavyosoma hadithi. Majaribio yake ya 2005 yalihusu kulipa mikopo midogo midogo. Watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na Safaricom ilipoizindua rasmi Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikuwa kiini chake. Hapo kampuni ilitazama watu kwanza, ikachora baadaye. Menyu ilikuwa maneno matupu, na ilifanya kazi hata kwenye kabambe. Huo ni usanifu mzuri, hata kama si wa kutundikwa ukutani.

Lakini ilikuwa na pengo. Ukikosea tarakimu moja, jina la mpokeaji ulilijua pesa zikishaenda. Miaka ikapita kabla Hakikisha haijaja kukuonyesha jina mapema. Na hata ilipokuja kwenye menyu ya laini, tazama ilivyopangwa: jina linatokea, halafu una sekunde chache za kuandika herufi au nambari yoyote ili usimamishe. Ukinyamaza, pesa zinaenda.

Hapo ndipo tunakosana. Chukua shosho wa hapa Kiganjo aliyetoka kupeleka maziwa. Amesimama nje ya duka la ejenti, jua limepiga skrini, anatafuta miwani mfukoni. Kwake, kunyamaza ni kusoma. Kwa simu, kunyamaza ni kukubali. Mpango huo unamfaa mtu mwenye haraka, anayetaka pesa zifike sasa hivi. Gharama ya haraka hiyo anabebeshwa shosho.

Si ati naichukia Hakikisha. Kuona jina kabla ya pesa kuondoka ni afadhali mara mia kuliko kuliona baadaye. Ninachopinga ni ile tabia ya kujaribu skrini mikononi mwa vijana wa ofisini, kisha kusema shosho hajui simu. Wampelekee yeye kwanza, kabla ya kuchagua rangi, na wamuulize swali moja: ukikawia kujibu, unataka pesa zikae au ziende?