Siagi, Jirani na Shutuma: Uhakiki wa Kitabu cha Lady Wilde

Kitabu cha Lady Jane Wilde, *Ancient Legends, Mystic Charms, and Superstitions of Ireland*, kilichochapishwa mwaka 1887, kimekuwa ghala la watafiti wa mila za Ayalandi. Ndani yake zimo imani nyingi kuhusu kusukasuka maziwa ili kupata siagi: kwamba siku ya Mei Mosi haifai kutoa moto wala maziwa nje ya nyumba, na kwamba kukoroga maziwa kwa mkono wa maiti huleta siagi. Kwa juhudi hiyo mwandishi anastahili shukrani.

Hata hivyo, mara nyingi hamtaji msimulizi wala mahali, naye hupendezwa na ya kutisha kuliko ya kila siku. Tofauti yaonekana katika mkusanyiko wa miaka 1937 hadi 1939, ambapo watoto wapatao 50,000 wa shule za msingi waliandika masimulizi ya wazee wao. Humo desturi iliyo mashuhuri ni hii: mgeni aingiaye wakati wa kusukasuka sharti aibariki kazi na kushika mchi wa pipa kwa zamu yake, asije akaondoka na siagi.

Desturi hiyo ina nyuso mbili. Inagawanya kazi nzito ya mikono. Papo hapo inamtia kila aingiaye katika shaka. Maziwa yakiwa baridi mno au yenye joto mno, siagi haipatikani vizuri. Lakini familia iliyotegemea siagi kulipa kodi ya shamba ilimtafuta mwizi, na mara nyingi kidole kilimwelekea mwanamke mzee wa jirani. Lady Wilde hutuonyesha hirizi zaidi ya mshutumiwa.

Wala tusiwacheke Waayalandi. Mwaka 1526, akihubiri juu ya Kutoka 22:18, Luther mwenyewe alisema kwamba wachawi huiba maziwa na siagi, akakubali wauawe. Lakini mwaka 1529, akiifafanua amri ya nane katika Katekisimo Ndogo, alifundisha kwamba yatupasa kumtetea jirani na kuyachukua mambo yake kwa wema. Msomaji wa mila hizi na ampime Luther kwa Luther. Baraka na mkono wa msaada vyastahili kuhifadhiwa. Shutuma isiyo na ushahidi haistahili, hata ikiwa imerithiwa kwa wazee.