Sifa za Mbandika Shabaha

Askari akirudi na karatasi yenye matundu matano yaliyosongamana, hupongezwa yeye. Aliyeinyoosha karatasi hiyo ubaoni hatajwi, na mimi nataka leo atajwe, hasa yule anayefanya kazi hiyo katika nchi kavu kama Oldonyiro, upande wa magharibi wa Isiolo, ambako upepo hauombi ruhusa na mbuzi hawajui mpaka wa uwanja wa mazoezi.

Huku kuna askari wa akiba wa polisi, na wapo walinzi wa hifadhi za jamii. Baadhi yao huhitimu katika chuo cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kule Manyani. Mjini Isiolo kwenyewe kuna Shule ya Jeshi la Miguu. Wote hao hujifunza kwa karatasi. Mlengaji hupiga, hutazama matundu yalipokaa, kisha husogeza kilengeo cha bunduki kuyafuata. Sasa karatasi ikiteleza sentimita tatu kati ya risasi ya kwanza na ya mwisho, kwa umbali wa mita 100, bunduki itarekebishwa kwa kosa lisilo lake. Ikifika mita 300, kosa hilo limekuwa sentimita tisa. Karatasi imemdanganya, naye ataubeba uongo huo hadi siku atakapotumwa kufuata nyayo za mifugo iliyoibwa.

Ndiyo maana uchaguzi wa stepla ni uchaguzi wa fundi. Stepla ya umeme haifai pasipo soketi. Ya hewa hudai kompresa, mzigo wa bure kwa kazi ya karatasi. Ile ya kugonga kama nyundo ina kasi ya ajabu, na fundi wa paa huipenda, lakini hupasua karatasi na haitui pale ulipokusudia. Inabaki ya springi, ya kubana kwa kiganja kimoja, mkono wa pili ukishikilia shabaha isipeperuke. Mimi nachukua hiyo, yenye skrubu ya kupunguza nguvu.

Mafundi wengi huilaumu stepla ya kawaida kwa kuwa ukiibana kwa nyuma pua yake huinuka, na pini hubaki imetokeza kidogo. Kwa fundi wa makochi hilo ni kasoro. Kwa mbandika shabaha ni neema: pini iliyozama hukata karatasi kama kisu, iliyotokeza kidogo huishika na baadaye hung'oka kwa ncha ya bisibisi. Chagua pini za waya mwembamba, zile za namba 53, zenye miguu ya milimita 6, au 8 ukiweka katoni nyuma ya karatasi. Za namba 140, za waya bapa, ni za kazi nzito. Na usibandike juu ya nguzo ya mgunga. Mti huo mgumu utakunja pini zako zote. Pigilia kwanza kipande cha mbao laini. Mtazame fundi mzuri: huikunja kona ya karatasi mara mbili, kisha huitia pini kwa mshazari. Upepo hauchani karatasi iliyokunjwa hivyo kwa urahisi.

Kuna watu hutumia misumari. Hapa siwaelewi kabisa. Oldonyiro inaishi kwa mifugo. Soko lake ni la ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia. Ng'ombe hazoi majani kwa kuchagua, huyakunja kwa ulimi na kumeza. Msumari au kipande cha waya kikiingia hutua katika tumbo la pili, jirani na moyo, na huweza kutoboa mpaka kwenye moyo wenyewe. Pini ya milimita 6 ni ndogo kuliko hivyo, lakini nayo haina haki ya kubaki malishoni.

Wafugaji wa ukanda huu wanajua uwanja wa mazoezi unaweza kuacha nini. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu 228, walioumizwa au kufiwa kwa sababu ya mabomu yasiyolipuka katika viwanja vya Dol Dol na Archers Post. Pini si bomu. Ila tabia ya kuondoka bila kuangalia nyuma ni ileile.

Kwa hiyo nusu ya ufundi huu huanza baada ya risasi ya mwisho, bunduki zote zikishakaguliwa kuwa tupu: kung'oa, kuhesabu, kuokota maganda, kupitisha sumaku kwenye vumbi. Epuka pini za chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa nyingi hazishikwi vizuri na sumaku.

Ukienda dukani kununua stepla kwa kazi hii, nunua na sumaku siku hiyohiyo. Kama pesa haitoshi vyote viwili, ahirisha mazoezi.