Kebo ya Breki na Anga ya Ziwa

Anayetaka kujua kama chumba cha rubani kilichoundwa nyumbani kimeundwa vizuri asiangalie skrini. Akae kitini, afumbe macho, akanyage pedali ya kushoto taratibu, kisha aiachie. Ikirudi katikati bila kukwama wala kugonga, amekalia kazi ya fundi. Isiporudi, mawingu yote mazuri ya simuleta, ile programu ya kuigiza urubani kwenye kompyuta, hayatamfaa kitu.

Vifaa vya kuundia pedali kama hizo vimejaa Busia na Malaba. Ni hapa mpakani, katika miaka ya 1960, ambapo vijana walianza kubeba abiria kwa baisikeli kuwavusha kati ya Kenya na Uganda. Pikipiki zimeinyakua biashara hiyo, lakini ujuzi wa baisikeli haujahama. Bado wapo mafundi wanaokaza kebo ya breki wakaiachia mahali penyewe kwa kuigusa tu. Na pedali za ndege hazihitaji zaidi ya ujuzi huo. Ya kushoto ikienda mbele, ya kulia lazima irudi nyuma kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo kebo moja inazungushwa kwenye kapi, ncha zake zinafungwa kwenye pedali mbili, na springi mbili zenye nguvu sawa zinavutana ili kuzirudisha katikati. Bawaba ikiwa na mchezo hata kidogo, mguu utaujua kabla ya jicho. Hapo ndipo golori za baisikeli zinapoishinda bawaba ya mlango.

Sioni aibu yoyote kuundia ndege kwa spea za baisikeli. Edwin Link, kijana wa Binghamton, New York, alifanya kazi katika kiwanda cha baba yake cha piano na ogani. Alipotaka mashine ya kuwafundishia marubani wakiwa chini, alichukua mivukuto na pampu za hewa zilezile zilizopuliza ogani, akazifanya ziinamishe kichumba cha mbao huku na huku. Mashine hiyo ilikamilika mwaka 1929, na katika Vita Vikuu vya Pili marubani wengi mno wa Marekani na Uingereza walianzia humo. Link alitumia alichokijua kwa mikono yake.

Baada ya fundi wa baisikeli, nenda kwa fundi wa redio. Kila mkono wa kuongozea, na jozi nzima ya pedali kwa pamoja, unahitaji potenshiometa, kile kijiti cha kuzungusha tunachoongezea sauti. Lakini usichukue yoyote. Za sauti nyingi zina herufi A: mwanzoni hubadilika kidogo kidogo, mwishoni kwa kasi, kwa kuwa sikio letu linasikia hivyo. Ukiifunga kwenye mkono wa nguvu ya injini, utausukuma hadi nusu na injini itapata kama sehemu moja ya kumi tu, kisha ghafla ndege inakurupuka. Tafuta iliyoandikwa B, ambayo hubadilika sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho.

Waya zake tatu zinalehemiwa kwenye kibao kidogo cha Arduino Leonardo, ambacho husoma mzunguko huo kama namba, 0 hadi 1023. Uzuri wa kibao hiki ni kwamba, kikipewa programu fupi, kinajitambulisha kwa kompyuta kuwa ni joistiki ya kawaida ya USB. Ndiyo maana pedali zilezile zinaiendesha Flight Simulator ya mwaka 2003 kwenye kompyuta kuukuu ya Windows XP, na pia ile ya mwaka 2020 inayovuta picha za satelaiti kwenye intaneti. Mimi naipenda ya zamani. Haili bando, na kwenye mashine dhaifu inakwenda bila kukatika. Ya mwaka 2020 nikiifungua, ni kwa ajili ya kuiona nchi yenyewe.

Safari ya kuipima kazi ninayo: Kisumu hadi Entebbe kwa Cessna 172, maili za anga takribani 137, saa moja na robo hivi. Unaruka ukingoni mwa Ghuba ya Winam, unaelekea magharibi, Port Victoria inabaki kulia na ziwa kushoto. Ukishatulia angani, ondoa mikono na miguu. Kama potenshiometa ni chafu, namba za katikati zinarukaruka, 511, 514, 509, na pua ya ndege inatetemeka nazo. Kama springi hazilingani, ndege inavutwa upande mmoja hadi uchoke kuirudisha. Ziwa zima likipita na pua haijahama, kebo imekazwa sawa.

Wanaoanza hupenda kuanzia taa na swichi, na ninawaelewa, maana zinapendeza usiku. Ningewasihi waziache mpaka miguu iridhike. Mimi mwenyewe swichi zangu bado ni chache. Ninachotafuta sasa ni gurudumu la baisikeli ya mtoto, lenye ekseli nzima, niligeuze liwe la kurekebisha pua ya ndege. Fundi mmoja wa Malaba ameniahidi moja, na nimemwomba asilisafishe grisi.