Sifa za Fundi wa Waya

Taa ya fowili, yaani mvuto wa magurudumu manne, ikianza kuwaka na kuzima kwenye dashibodi, mwenye gari hapa Nyeri siku hizi huambiwa upesi kwamba transfa, sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, imekufa. Anaagiza nyingine ya mtumba kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, inafungwa, na taa inaendelea vilevile.

Ndiyo maana namheshimu fundi mmoja wa waya pale Ruring'u. Yeye huanza kwa kusikiliza. "Fungua swichi bila kuwasha injini, mzee, kisha zungusha kitufe cha fowili polepole." Ameshalala chini ya gari, sikio karibu na mota ndogo inayosukuma gia za transfa. Ikinguruma bila kufika, anashuku chuma. Ikinyamaza, anaufuata umeme.

Mita anayo, tena nzuri, ila haiamini peke yake. Anachomoa plagi ya mota na kuweka mahali pake balbu ya breki ya wati 21 iliyoungwa kwa vipande viwili vya waya, huku mwenye gari akizungusha kitufe tena. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaionyesha mita volti 12 kamili, kwa sababu mita haivuti karibu chochote. Balbu inavuta karibu ampea 2, na hapo waya mgonjwa hujisema. Ikiwaka hafifu, anahamishia upande wa hasi moja kwa moja kwenye betri. Iking'aa, kosa liko upande wa erthi. Anaufuata waya kwa vidole mpaka ulipofungwa, anakwangua kutu hadi chuma kionekane, anakaza bolti, anapaka grisi. Nyaya nyembamba za sensa hazigusi kwa balbu hiyo, asije akaunguza kompyuta. Na kwenye Pajero za miaka ya 1990 hukagua hata vimipira vya vakyumu vya ekseli ya mbele, kwa kuwa kimoja kikipasuka taa hulalamika kana kwamba ni umeme.

Kutu hiyo haishangazi: udongo mwekundu wa njia za majani chai za Othaya hung'ang'ania chini ya gari na kuhifadhi unyevu, kisha mashine za kuoshea magari husukuma maji ndani ya plagi. Land Rover za Series zilizokuwa zikipanda njia ya Naro Moru ya Mlima Kenya hadi Met Station, kimo cha mita 3,050, hazikujua taabu hii: kirungu cha manjano ukikisukuma chini, umepata fowili, chekundu ukikivuta nyuma, umepata gia nzito.

Kompyuta ya kupimia ina faida yake. Husema saketi ya mota ina hitilafu. Haisemi ni wapi kati ya betri na mota. Kijana aliyefunzwa kusoma kodi za kompyuta tu hukata nyaya, akaziunga zote kwa waya mweusi na kuzungushia tepu. Rangi zilizowekwa na kiwanda cha Japani ndizo ramani ya fundi atakayekuja baadaye, naye ameshazifuta.

Lakini sisi wenye magari tumechangia. Tunalipia spea bila kinyongo, na kazi ya kutafuta tunaiona bure. Nilimsikia mwenye Prado mmoja akidai apunguziwe, eti hakuna kilichobadilishwa. Fundi akapunguza. Vijana wanaomshikia tochi walisikia yote, na siwezi kuwalaumu wakiamua kuuza transfa.