Heko, Wapima Unyevu wa Transfoma

Mafundi hawa wanastahili pongezi, kwanza kwa subira. Ndani ya transfoma kubwa, shaba imevikwa karatasi iliyolowa mafuta. Mafuta hubadilishwa, karatasi haibadilishwi bila kuifumua transfoma yenyewe, na humo ndimo maji mengi hujificha. Kwa hiyo fundi huzima mtambo, hufungua nyaya za nje, kisha huingiza volti ndogo kwa masafa yanayoshuka kutoka hezi 1,000 hadi 0.001. Huko chini wimbi moja huchukua karibu dakika 17! Kwenye grafu ya vipimo hivyo, ncha zote mbili hueleza karatasi, katikati mafuta. Pili, wanastahili pongezi kwa ujuzi, maana uzee nao hudanganya: asidi za karatasi kuukuu huweza kusomeka kama maji. Hapo mashine pekee haitoshi, anatakiwa mjuzi.