Pongezi kwa Walezi wa Staji

Nawapongeza kwa moyo wote wauguzi wa mji wa Baraka wanaopokea wanafunzi wa staji. Mwaka 1906, Herman Schneider alianzisha kule Cincinnati, Marekani, masomo ya zamu: wanafunzi wa uhandisi waende viwandani, kisha warudi darasani. Mtindo huo umeenea duniani. Kwetu, kiwanda ni wodi. Kipindupindu hurudi mara kwa mara kando ya Ziwa Tanganyika, na kijana aliyevuka Ghuba ya Burton kutoka Ubwari hujifunza wodini kufinya ngozi ya mtoto, kutazama macho yaliyozama, kutafuta mshipa uliosinyaa, kuhesabu matone ya serumu. Daftari lilishamweleza yote. Mkono bado hutetemeka. Muuguzi aliyekesha husimama pembeni, akimwacha ajaribu. Kwa subira hiyo, wakubwa wetu, aksanti sana.