Mandhari Haishushwi kwa Kamba: Juu ya Istilahi Moja ya Jukwaani

Wafasiri na walimu wa sanaa za maonyesho hukutana mara kwa mara na tatizo la neno moja kubebeshwa mizigo mitatu. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza neno mandhari, ambalo hutumiwa pia kwa kile kitambaa kilichochorwa milima, nyumba au msitu na kuning'inizwa nyuma ya jukwaa.

Kwanza, mandhari ni sura ya mahali ionekanayo kwa macho. Mkazi wa Newala asimamaye Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, huitazama mandhari ya bonde la Ruvuma. Mwenziwe wa Masasi huiona katika majabali yaliyo kando ya mji. Pili, katika fasihi, mandhari ni mahali na wakati wa matukio: ile ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) ni kusini mwa Tanzania zama za Vita vya Maji Maji. Tatu ndicho kitambaa. Basi mwanafunzi akiambiwa mtihanini, "Eleza mandhari ya mchezo huu," aeleze nchi au rangi? Akipotea, lawama ni yetu tuliompa neno lisilo na mipaka.

Wapo wapendekezao pazia. Lakini kazi ya pazia ni kusitiri, ilhali kitambaa hiki huonyesha. Tena pazia la mbele limekwisha kulimiliki jina hilo. Kiwambo nacho asili yake ni kitu kilichowambwa, kama ngozi ya ngoma, na wataalamu wa kompyuta wamekwisha kulitwaa neno hilo. Sisi twaona heri turubai la mandhari. Atakayesema kwamba turubai ni la malori na misiba hajakosea. Lakini hiyo ndiyo sifa yake, kwani ni kitambaa kizito kinachojulikana na kila mtu, na sokoni Masasi halihitaji kufafanuliwa.

Jambo kubwa zaidi ni fasili. Tukiandika kwamba turubai hili ni sehemu ya lazima ya jukwaa, tutakuwa tumezifuta sanaa zetu wenyewe. Desturi hiyo ilikulia Italia, na Sebastiano Serlio alichapisha michoro yake ya mandhari za jukwaani mwaka 1545. Hata majumba ya wazi ya London alimofanyia kazi Shakespeare hayakuitegemea. Mahali palitajwa kwa maneno. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere, alipofasiri Mabepari wa Venisi (1969), aliweza kuujenga mji huo kwa Kiswahili kitupu. Nao Wamakonde, katika ngoma ya mapiko, mchezaji avaaye kinyago huchezea uwanjani, watazamaji wakiwa wamemzunguka. Hapana nyuma pa kutundika kitu, wala hapana upungufu: siri i katika kinyago na nguo zimfichazo mwili.

Kwa hiyo twapendekeza fasili hii: turubai la mandhari ni kitambaa kizito kilichochorwa, ambacho katika baadhi ya maonyesho huning'inizwa nyuma ya jukwaa ili kudokeza mahali pa tukio. Maneno "katika baadhi ya maonyesho" yasifutwe na mhariri kwa kutafuta ufupi. Yakiondoka, mwalimu wa Newala atawafundisha wanafunzi wake kwamba ngoma ya babu zao ina kasoro.